Jina la Mhusika

Kwa miaka kumi na saba, kila aliyeiandikia karakana ya brashi ya Kunihiro kupitia tovuti yake alipata jibu lililoishia na mstari uleule: Mhusika, Tazuko Moritsune. Ulikuwa mstari mdogo wa herufi nyembamba, chini kabisa ya barua, chini hata ya namba ya faksi. Hakuna aliyeusoma isipokuwa Tazuko mwenyewe. Mwezi wa Mei mstari ule ukabadilishwa, ukawa Mhusika, Chihaya Onuki, na tangu siku hiyo chai haikumpita Bi Tazuko vizuri kooni.

Huyo Chihaya alikuwa na miaka ishirini na tisa, ameletwa kutoka Osaka kusimamia kile bosi alichokiita mambo ya kompyuta. Angekuwa mvivu au mwenye majivuno, yote yangekuwa rahisi. Lakini alikuwa mpole, mchapakazi, anasalimia mpaka fundi wa mwisho, na vikombe aliviosha mwenyewe. Mtu wa namna hiyo utamchukia kwa kisingizio gani? Tazuko alikitafuta kisingizio hicho miezi mitatu mizima.

Kazi yenyewe, ukiitazama kwa mbali, haikuwa ya kugombaniwa. Fomu ya mawasiliano ya tovuti ile ilikuwa mlango usio na komeo. Kila asubuhi zilikutwa jumbe hamsini, sitini. Huyu anaahidi kuipandisha karakana mpaka juu kabisa watu wanapotafuta brashi mtandaoni, yule anauza taa zisizokula umeme, mwingine anatoa mkopo ambao hakuna aliyeuomba, na kuna mwanamke asiye na jina la ukoo anayesema ameiona picha yako na moyo wake umetulia. Katikati ya takataka hizo ndimo walimojificha watu watatu wanne wa kweli: mwalimu anayetaka brashi thelathini za wanafunzi wake, duka la vipodozi la Kobe, na mara mojamoja mzazi anayeuliza habari za brashi ya nywele za mtoto.

Hao wa mwisho ndio Tazuko aliowapenda. Mtoto anaponyolewa mara ya kwanza, zile nywele alizotoka nazo tumboni, ambazo ncha zake hazijawahi kuguswa na mkasi, hutumwa hapa Kumano, mji wa karakana, zikafungwa kuwa brashi moja ya kuandikia kwa wino, jina lake likachongwa kwenye mpini, ikawekwa kabatini maisha yote. Zikikatwa ovyo, basi tena. Zitakazoota baadaye ncha zake ni butu na hazifungiki brashi. Tazuko alikuwa nayo ya binti yake Kayo, iliyofungwa na marehemu baba yake bosi. Kayo mwenyewe sasa ana miaka thelathini, anaishi Sendai, na kupiga simu hapigi.

Basi Tazuko alizichapa jumbe zote kwenye karatasi. Zote. Kwenye taka alipitisha kalamu nyekundu, kwenye za kweli akagonga muhuri wake mdogo wa jina, akazibana kwenye ubao na kuuzungusha meza kwa meza ili kila mmoja agonge wake. Na kwa kuwa alilelewa kwamba mtu akikuandikia unamjibu, aliwajibu hata wauzaji: tumepokea pendekezo lako lenye thamani, kwa masikitiko safari hii hatutaweza. Ilimchukua saa mbili nzima kila asubuhi. Saa mbili hizo ndizo alizojivunia kuliko kitu chochote pale ofisini.

Wiki ya nne Chihaya alisogeza kiti chake taratibu.

"Bi Tazuko, samahani, naomba kuuliza swali la kijinga."

"Uliza tu, mwanangu."

"Hawa wauzaji... unawajibu wote?"

"Adabu haina likizo."

"Ni kweli kabisa. Ila tu, ukimjibu anajua humu ndani kuna mtu. Anaiweka anwani yetu kwenye orodha ya walio hai, halafu wanauziana orodha. Nadhani ndiyo maana kila mwaka wanazidi."

Bosi, Bwana Kunihiro, alikuwa nyuma yao na kikombe mkononi. Alicheka mpaka chai ikamwagika.

"Kumbe! Miaka kumi na saba tunawafuga wenyewe! Tazuko, umewalisha mpaka wamezaliana!"

Hakuwa na nia mbaya. Ni mtu wa kucheka na kila kitu, hata msibani. Ofisi nzima ikacheka. Tazuko naye alicheka, ila cheko lake liliishia mdomoni. Ndani, kitu kilimchoma kama mwiba wa samaki, na hakikutoka.

Baada ya wiki moja Chihaya aliweka kichujio. Kila ujumbe uliokuwa na kiungo cha mtandao ndani yake, au maneno fulani ya wauzaji, uliangukia kwenye kikapu cha pembeni bila kumsumbua mtu. Jumbe sitini zikawa nne. Bosi alipiga makofi, akaanza kumwita Chihaya "Mwalimu Onuki," yeye ambaye kwa miaka kumi na saba alimwita Tazuko "Wewe, Tazuko." Kisha akatoa neno lililommaliza.

"Mhusika sasa awe Mwalimu hapa. Wewe Tazuko upumzike, umechoka. Tutakupa lebo za vifurushi."

Umechoka! Tazuko hakuwa amechoka hata kidogo. Aliinamisha kichwa, akasema ahsante, akaenda kubandika lebo. Tusizunguke: alimwonea gere yule binti. Alimwonea gere kwa jina lake pale chini ya barua, kwa kiti cha karibu na dirisha, kwa kuitwa mwalimu, kwa zile nywele fupi na mikono isiyo na madoa. Alipomsikia akiongea na wateja kwa simu kwa sauti yake ya upole, Tazuko alitamani akosee neno moja tu, na Chihaya hakukosea.

Bi Fusae ndiye aliyeligundua mapema. Huyu ana miaka sabini na mbili, na kazi yake karakanani ni kusugua manyoya ya mbuzi kwa majivu ya makapi ya mpunga ili mafuta yatoke. Mikono yake haisimami, na mdomo wake vivyo hivyo.

"We Tazuko, acha kumkodolea macho mtoto wa watu. Utamtoboa."

"Namkodolea nani? Naangalia ukuta."

"Haya. Basi huo ukuta una bahati, mimi mume wangu hajawahi kuniangalia hivyo."

"Bi Fusae, sugua manyoya yako."

"Nasugua. Na wewe jisugue roho, ina mafuta."

Siku Chihaya alipomwonyesha kikapu kile, alisema hivi: "Sikukiweka kijifute chenyewe. Mashine nayo hukosea." Katika maneno yote hayo Tazuko aliondoka na neno moja tu, hukosea. Kuanzia kesho yake akawa anafika saa mbili kasoro robo asubuhi, kabla ya wote, anafungua kikapu na kusoma kilichotupwa usiku. Hakuna aliyewahi kusoma takataka kwa matumaini makubwa namna ile. Taa, mikopo, viatu, moyo umetulia. Taa, mikopo, viatu. Wiki sita alisoma hivyo, na kosa hakuliona, na kila siku isiyo na kosa ilimkata maini upya.

Alhamisi moja ya Julai akalikuta.

"Naitwa Orie Iwami, naandika kutoka Tottori," ujumbe ulisema. "Binti yetu Kotoha ana miezi kumi, na nywele zimeanza kumwingia machoni. Jumamosi hii tutampeleka kwa kinyozi kwa mara ya kwanza. Leo ndiyo bibi yake ametuambia kwamba nywele hizi zinaweza kufanywa brashi. Ziwe na urefu gani? Zikatwe vipi, na zihifadhiwe kwenye nini? Samahani kwa maswali mengi, ni mtoto wetu wa kwanza na tulimngoja miaka tisa. Picha yake hii hapa chini." Na chini kulikuwa na kiungo cha picha, nacho ndicho kilichomtupa Kotoha kwenye kikapu pamoja na wauza viatu.

Moyo wa Tazuko uliruka. Tuseme ukweli, uliruka kwa furaha. Alichapa karatasi haraka, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni mwa aproni. Majibu ya maswali yale aliyajua kwa moyo. Nywele zishikwe fungu kwa fungu, kila fungu lifungwe uzi, zikatwe kwa mkasi karibu na ngozi, zisilowanishwe, ziwe na sentimita tano au zaidi, mashine ya kunyolea isitumike kabisa. Kuyaandika kungemchukua dakika kumi.

Lakini akijibu, nani atajua? Chihaya atasema, aa, ahsante Bi Tazuko, atarekebisha kichujio kwa kubofya mara mbili, na bosi atampigia makofi kwa kurekebisha. Bosi mwenyewe alikuwa Tokyo kwenye maonyesho hadi kesho. La, jambo hili lilitaka hadhira. Jumatatu asubuhi, baada ya mazoezi ya viungo ya redio, watu wote kumi na wanne husimama duara na kila mwenye neno hulisema. Hapo ndipo angeitoa karatasi. Na ile Jumamosi? Alijiambia kwamba watu husema Jumamosi wakafanya mwezi ujao. Mvua itanyesha, mtoto atapata mafua. Alijiambia hivyo mara nyingi, na mtu aliyetulia hajiambii kitu mara nyingi.

Ijumaa saa nane mchana alikaribia kulegea. Alikuwa ameshaifungua karatasi mezani, kidole kiko kwenye namba ya simu ya Tottori, bosi akaingia kutoka safari na boksi la keki za maharage.

"Mwalimu kwanza!" bosi alisema, akampelekea Chihaya boksi zima achague. "Huko Tokyo nimewaambia habari za kichujio chako, wamebaki midomo wazi."

Chihaya alichukua moja, akaja na boksi mpaka kwenye meza ya Tazuko. "Ya malai ndiyo unayoipenda, Bi Tazuko, eti? Nimekufichia isichukuliwe."

"Sina hamu leo," Tazuko alijibu, akaikunja karatasi tena.

Jumamosi mvua haikunyesha.

Jumatatu redio ilipozimwa na watu wakiwa bado wanahema, Tazuko aliinua mkono. Alivaa fulana mpya. Aliisoma barua ya Orie Iwami kwa sauti nzuri, bila haraka, na alipofika kwenye miaka tisa akatua kidogo. Bi Fusae aliacha kujipangusa jasho. Bosi, kwa mara ya kwanza, hakuwa na la kucheka.

"Hii ilikuwa wapi?" aliuliza.

"Kwenye kikapu cha taka," Tazuko alisema. "Kichujio kiliitupa. Nimeona si vizuri kunyamaza."

Alimgeukia Chihaya. Hii ndiyo sura aliyoingoja, na aliipata: binti alikuwa mweupe kama karatasi. Alipiga hatua mbele, akainama mpaka kichwa kikawa usawa wa kiuno.

"Kosa ni langu. Nimewakosea wateja na nyinyi nyote."

"Imeingia lini?" bosi aliuliza.

"Usiku wa kuamkia Alhamisi," Chihaya alisema, bado ameinama, bila kuitazama karatasi.

"Na kikapu hicho nani anakiangalia?"

Hapo Chihaya aliinuka. Alimtazama Tazuko, si kwa muda mrefu, kisha akamtazama bosi.

"Ni mimi. Niliahidi kukiangalia kila siku, na Alhamisi sikukiangalia."

Alikuwa ameshinda, na ushindi ulikuwa na ladha ya chuma mdomoni. Bosi aliagiza boksi la peremende nzito za maharage, zile wanazobeba watu waendao kuomba radhi, akasema Chihaya na yeye watapanda treni ya kwenda Tottori kesho, lakini kwanza simu, sasa hivi.

Walipokuwa wakiingia ofisini, Tazuko alimvuta Chihaya mkono mlangoni mwa jikoni.

"Umejuaje ilikuwa Alhamisi? Hujaitazama tarehe."

Chihaya alijibu chinichini, kama anayeogopa kumwamsha mtu. "Jumbe zisizosomwa huonyesha herufi nene, Bi Tazuko. Zikisomwa zinakuwa nyembamba. Kila siku nikifika nazikuta nyembamba zote, tangu wiki ya kwanza. Nilifurahi sana. Usiku nilikuwa nalala, nikisema hata mashine ikikosea, yeye atamwona mtu ndani yake. Siku nyingine nazifungua, ila Alhamisi iliyopita nilipita haraka haraka, nikaona zote zimesomwa, sikufungua hata moja. Kwa hiyo ni kweli ni kosa langu. Niliegemea kwako bila kukuomba."

"Kwa nini hukusema pale?"

"Ningesemaje, mbele ya watu wote? Wewe ni mkubwa wangu."

Hakulia wala hakununa. Angenuna Tazuko angejua la kufanya, maana wivu unajua kupigana na mtu aliyenuna. Aliuachia mkono wa binti, na haya zikampanda kutoka tumboni mpaka kwenye mizizi ya nywele. Wiki sita alidhani anamvizia mwenzake, na mwenzake kumbe alikuwa amemtandikia mahali pa kukaa.

Bosi alikuwa ameshapiga simu, sauti imewekwa nje ili wote wasikie. Chihaya alisimama karibu nayo, mikono ameibana mbele.

"Aa, karakana ya brashi!" Sauti ya mwanamke ilikuwa ya furaha, na nyuma yake mtoto alikuwa akigonga kitu na kijiko. "Ahsanteni, nilidhani ujumbe wangu haukufika. Mume wangu aliishika simu mpaka kwenye kiti cha kinyozi, anasema subiri, subiri, labda watajibu. Kinyozi akasema kuna watu wanangoja. Akapitisha mashine. Lakini nilizikusanya. Nilipiga magoti nikazikusanya sakafuni, ziko kwenye bahasha. Ni fupi, urefu wa ukucha hivi. Zitafaa?"

Bosi alimtazama Chihaya, lakini Chihaya habari za nywele hakuzijua. Ofisini humo aliyezijua alikuwa mmoja tu. Bi Fusae alikuwa amesimama mlangoni na majivu mikononi, akitikisa kichwa taratibu.

"Haloo?" mwanamke akasema. "Samahani, naongea na mhusika?"

Chihaya alivuta pumzi, akafungua mdomo. Tazuko alinyoosha mkono akauweka kifuani pa binti, kwa upole, akamsogeza nyuma. Akainama mbele ya simu, ingawa wa upande wa pili hawezi kuona.

"Hazitafaa, mama Kotoha," alisema. "Naomba radhi. Mhusika ni mimi. Naitwa Tazuko Moritsune. Barua yako haikupotea. Niliisoma Alhamisi asubuhi nikaitia mfukoni."

Kijiko cha mtoto kiligonga mara mbili, tatu.

"Alhamisi?" mwanamke aliuliza polepole, kama anayehesabu siku kwa vidole. "Hii iliyopita? Kabla ya Jumamosi?"

"Ndiyo, mama," Tazuko alisema. "Kabla ya Jumamosi."